Waziri wa Jimbo, Afisa Utamaduni na Neno "Urithi": Tatizo Moja la Istilahi za Serikali

UTANGULIZI

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwenye meza ya istilahi, yako yale yanayojibika kwa neno moja, na yako yale ambayo kila yanapojibiwa huzaa maswali mengine. Swali tunalolijadili katika makala haya ni la aina ya pili. Linahusu cheo cha kiongozi ambaye, katika nchi zilizogawanya madaraka, huwa ndani ya serikali ya jimbo na hupewa dhamana ya michezo, utamaduni na urithi. Je, kiongozi huyo aitweje kwa Kiswahili? Na Mtanzania asomaye jina hilo atalielewaje, ilhali Tanzania Bara haina serikali za majimbo wala mawaziri wake?

Huenda zamani swali hili lingeonekana kuwa la anasa. Leo sivyo. Mwezi wa Agosti 2019, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Februari 2022 Umoja wa Afrika nao ulikiingiza miongoni mwa lugha zake za kazi. Kwa hiyo hati zinazotaja vyeo vya Afrika Kusini, vya Kongo na vya Kenya zinamfikia mtafsiri wa Kiswahili, naye hana budi kuvipa majina.

Lakini hatukuandika makala haya kwa ajili ya mikutano mikubwa peke yake. Tuliyaandika kwa sababu ya kosa letu wenyewe, na yafaa tulikiri mwanzoni. Miaka kadhaa iliyopita mmoja wetu aliombwa aandike kwa Kiswahili mwaliko wa hadhara moja iliyofanyika Mkuu, makao ya Wilaya ya Rombo, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro. Mgeni wa siku hiyo alitoka ng'ambo ya mpaka, naye alikuwa na dhamana ya michezo, utamaduni na urithi katika serikali ya kwao. Kwa haraka, na kwa kutaka neno lenye uzito, mtafsiri wetu aliandika "Waziri wa Michezo, Utamaduni na Mirathi". Siku ya hadhara walikuja vijana wenye mipira na vikundi vya ngoma, kama ilivyotazamiwa. Walikuja pia wazee kadhaa wenye bahasha. Mmoja wao, mama mtu mzima, alikuwa na karatasi za shauri la kihamba alichoachiwa na marehemu mumewe. Aliuliza kwa adabu, "Huyo Bwana Waziri wa mirathi ataanza kutusikiliza saa ngapi?" Hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Mama yule alizikunja karatasi zake akarudi alikotoka.

Mama yule hakukosea. Alisoma Kiswahili sahihi na kukielewa sawasawa. Aliyekosea ni mtafsiri. Basi makala haya yanajaribu kulipa deni hilo kwa kuyachambua maneno yote ya cheo hicho, moja baada ya jingine, na mwishoni kutoa mapendekezo.

JIMBO, MKOA NA KAUNTI

Neno la kwanza lenye utata ni lile la eneo. Wakati wa utawala wa Waingereza Tanganyika iligawanywa katika majimbo, na Moshi ilikuwa ndani ya Jimbo la Kaskazini ambalo makao yake yalikuwa Arusha. Baada ya Uhuru majimbo yalivunjwa, ikaundwa mikoa. Tangu hapo neno "jimbo" halikufa, bali lilihamia kwingine. Kwa Mtanzania wa leo jimbo ni kwanza jimbo la uchaguzi, yaani eneo linalochagua mbunge mmoja, mathalani Jimbo la Rombo. Pili, kwa waumini wengi ni eneo la kanisa lililo chini ya askofu, kama Jimbo Katoliki la Moshi. Kwa sababu hiyo mtu akisikia "waziri wa jimbo" anaweza kufikiri kwamba anatajwa mbunge wa jimbo fulani ambaye pia ni waziri katika Serikali ya Muungano.

Nchini Kenya neno hilo lina historia nyingine. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilianzisha serikali za majimbo, nazo zikafutwa mwaka uliofuata. Tangu hapo "majimbo" ni neno la siasa lenye moto wake. Sehemu kubwa za utawala ziliitwa mikoa, na baada ya katiba ya mwaka 2010 kuanza kutekelezwa kikamilifu kufuatia uchaguzi wa 2013, zikaja kaunti 47. Huko Kongo, ambako Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa zinazotajwa katika katiba, neno "jimbo" ndilo linalosikika zaidi kwa sehemu za nchi zenye gavana, nazo tangu mwaka 2015 ni 26.

Tukiyatazama matumizi hayo kwa utulivu, tunaona kwamba maneno "mkoa" na "jimbo" yanaweza kugawiwa kazi bila kulazimisha. Mkoa, kwa maana iliyokomaa Tanzania, ni tawi la serikali kuu. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaja kuwa kiongozi katika Serikali hiyo. Mkoa hauna bunge lake wala hautungi sheria. Jimbo, kwa maana tunayoihitaji katika tafsiri, ni sehemu ya nchi yenye serikali yake na baraza lake la kutunga sheria. Tofauti hii ikishikwa, nusu ya utata huondoka. Kilimanjaro ni mkoa. Kivu Kusini ni jimbo. Taita Taveta, inayopakana na Kilimanjaro, ni kaunti, neno ambalo Wakenya wamekwisha kulitohoa na kulizoea, nasi hatuna sababu ya kulitafutia mbadala.

Jambo moja dogo lafaa kuongezwa kwa ajili ya watumishi walioko Rombo. Neno "Mkuu" kwao ni cheo na pia ni jina la mji. Sentensi "barua imepelekwa kwa Mkuu" na "barua imepelekwa Mkuu" hutofautiana kwa neno moja fupi, nayo barua huenda mahali pawili tofauti. Kwa hiyo katika hati rasmi cheo kiandikwe kwa ukamilifu: Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa.

NANI ASTAHILI KUITWA WAZIRI?

Neno "waziri" tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya msaidizi mkuu wa mtawala, yaani yule anayebebeshwa sehemu ya mzigo wa utawala. Kwa asili yake, basi, halisemi lolote juu ya ukubwa wa nchi. Laweza kutumika kwa msaidizi wa rais, wa mfalme, au wa gavana. Tatizo ni mazoea yetu. Tanzania Bara imezoea waziri mmoja kwa kila wizara, naye ni wa taifa zima. Zanzibar, yenye Serikali ya Mapinduzi, ina mawaziri wake. Hao nao si mawaziri wa jimbo wala wa mkoa, kwa maana Zanzibar si jimbo, na mtafsiri asithubutu kuwaweka katika kapu hili.

Ili kumtambua kiongozi tunayemzungumzia, tunapendekeza maswali matatu: nani humteua, huwajibika kwa nani, na mamlaka yake yanaishia wapi.

Tuanze na Afrika Kusini, yenye majimbo tisa. Katiba yake ya mwaka 1996 inasema kwamba kiongozi wa serikali ya jimbo huunda baraza la utendaji kwa kuteua wajumbe wasiopungua watano na wasiozidi kumi kutoka miongoni mwa wajumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo hilo. Kila mjumbe hupewa dhamana yake. Majedwali ya katiba hiyo yanayakabidhi majimbo mambo kama michezo ya ngazi ya jimbo, pamoja na maktaba na makumbusho yasiyo ya kitaifa. Mjumbe mwenye dhamana hiyo ndiye hasa aliyekusudiwa na swali letu.

Huko Kongo katiba ya mwaka 2006 inasema serikali ya jimbo ina gavana, naibu wake, na mawaziri wa jimbo wasiozidi kumi, wanaoteuliwa na gavana kutoka ndani au nje ya bunge la jimbo. Hapa lugha ya katiba yenyewe inatumia neno lenye maana ya waziri. Kwa hiyo "waziri wa jimbo" ni tafsiri iliyo wazi.

Kenya ni mfano mgumu kidogo. Katiba ya mwaka 2010 haikuwaita mawaziri. Inawataja kuwa wajumbe wa kamati ya utendaji ya kaunti, wanaoteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti, nao wasiwe wajumbe wa bunge hilo. Lakini wananchi na magazeti ya Kiswahili hawakungoja wataalamu. Waliwaita "mawaziri wa kaunti", na jina likashika. Jedwali la nne la katiba hiyo linazipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani, zikiwamo maktaba, makumbusho, na viwanja vya michezo, ilhali majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki kwa serikali ya taifa. Mgawanyo huo ni wa maana sana kwa mtafsiri. Akiandika "waziri wa urithi" bila kuongeza "wa kaunti", atakuwa amempa kiongozi yule dhamana ya ngome na magofu ambayo katiba ya nchi yake haikumpa.

Kutokana na mifano hii mitatu tunaona kwamba neno "waziri" linafaa, ila lisiachwe uchi. Lazima livishwe jina la ngazi yake. Katika hati za sheria na mikataba, ambako kila neno hupimwa, yafaa kutumia maelezo kamili: "Mjumbe wa Baraza la Utendaji la Jimbo mwenye dhamana ya michezo, utamaduni na urithi". Katika habari, hotuba na mialiko, "Waziri wa Jimbo" au "Waziri wa Kaunti" yatosha.

NA KILIMANJARO JE?

Msomaji aliyeko Moshi atauliza: kazi hiyo kwetu hufanywa na nani? Jibu ni kwamba haifanywi na mtu mmoja. Mkuu wa Mkoa huiwakilisha Serikali na kuongoza shughuli zake zote mkoani. Chini yake iko Sekretarieti ya Mkoa inayoongozwa na Katibu Tawala wa Mkoa. Kisha wako maafisa utamaduni na maafisa michezo, wa mkoa na wa halmashauri. Hao ni watumishi wa umma. Hawachaguliwi, hawana baraza la kutunga sheria linalowahoji, wala hawabadiliki uchaguzi unapopita. Basi si sahihi kumwita Afisa Utamaduni "waziri mdogo", wala kumwita waziri wa kaunti "afisa utamaduni wa Kenya". Wa kwanza ni mtaalamu anayetekeleza sera. Wa pili ni kiongozi wa siasa anayetoa sera na kuitetea.

Tofauti hii huonekana waziwazi mpakani. Kutoka Rombo mtu akivuka Tarakea au Holili, baada ya muda mfupi tu yuko katika nchi ambayo uwanja wa michezo wa wilaya ni jambo la waziri wa kaunti. Akirudi upande huu, jambo hilohilo lina mlango mwingine kabisa. Lugha ni moja, lakini milango ni mingi. Ni wajibu wa istilahi kumwonyesha mwananchi mlango ulio sahihi.

MICHEZO

Katika maneno matatu ya dhamana hii, "michezo" ndilo lenye matata machache zaidi, hivyo hatutakaa nalo sana. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka uleule lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na tangu hapo neno limekuwa na maana rasmi. Hata hivyo mtafsiri akumbuke kwamba "mchezo" hutumika pia kwa mchezo wa kuigiza, na tena kwa ule utaratibu wa akina mama wa kuchangiana fedha kwa zamu. Panapohitajika kutenganisha, aandike "michezo ya ushindani", "riadha", au "michezo ya kuigiza" kwa kadiri ya maana. Mbio ndefu zinazofanyika Moshi kila mwaka ni riadha. Maigizo ya wanafunzi ni sanaa, na kwa kawaida si kazi ya afisa michezo.

UTAMADUNI

Neno "utamaduni" lina safari ya kupendeza. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu unaohusiana na mji, yaani kustaarabika kwa wakaao mjini. Kiswahili kililichukua kikalipeleka shambani. Leo tunaposema utamaduni tunafikiri kwanza ngoma, mavazi, vyakula, matanga na jando, mambo ambayo makao yake makuu ni vijijini. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 10 Desemba 1962, iliyotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ililipa neno hilo cheo cha kiserikali, na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikalipanua hadi kuzihusisha lugha, sanaa, na mali za utamaduni. Jina la wizara limebadilika mara nyingi tangu 1962: mara imeunganishwa na elimu, mara na vijana, mara na habari, mara na sanaa. Neno "utamaduni" limehama pamoja nayo kila mara.

Angalizo letu ni hili: "utamaduni" usitumike mahali pa "mila na desturi" wala mahali pa "sanaa". Mila na desturi ni sehemu ya utamaduni, na sanaa ni sehemu nyingine. Waziri wa jimbo mwenye dhamana ya utamaduni anaweza kuwa msimamizi wa maktaba, ambazo hakuna mtu angeziita mila.

URITHI, MIRATHI, TURATHI, MALIKALE

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Maneno haya manne hukaa karibu karibu katika vinywa vya watu, na watafsiri wengi huyabadilisha kama sarafu za thamani moja. Si ya thamani moja.

"Mirathi" ni neno la sheria. Ni mali ya marehemu inayosubiri kugawiwa warithi. Kuna mahakama inayosikiliza mashauri ya mirathi, na kuna msimamizi wa mirathi anayeteuliwa. Kwa hiyo mtu akiandika "waziri anayesimamia mirathi", ameandika maneno ambayo kila Mswahili atayaelewa, na atayaelewa vibaya. Ndivyo alivyoyaelewa mama yule wa Rombo.

"Urithi" ni pana zaidi. Ni chochote kinachopokewa kutoka kwa waliotangulia, kiwe shamba, jina, hekima au hata ugonjwa. Kwa upana huo ndiyo maana neno hili limechaguliwa katika "Urithi wa Dunia", orodha ambayo Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro iliingizwa mwaka 1987, na katika "urithi wa utamaduni usioshikika", istilahi iliyotokana na mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003. Hata hivyo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro hata neno "urithi" likisemwa peke yake huvuta kwanza fikira za kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, lenye nyumba, na mara nyingi lenye makaburi ya wazee. Kwa hiyo katika hati zitakazosomwa na wananchi yafaa kuandika "urithi wa utamaduni" au "urithi wa taifa", wala si "urithi" mtupu.

"Turathi" hutumiwa na baadhi ya waandishi kwa maandiko na sanaa za kale. Ni neno zuri katika uhakiki wa fasihi, na huko ndiko libakie.

"Malikale" ni neno tulilojiundia wenyewe kwa kuunganisha "mali" na "kale". Limetumika katika Sera ya Malikale ya mwaka 2008, iliyotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii. Kabla yake, na sambamba nalo, tulikuwa na "mambo ya kale", ambalo ndilo jina la idara inayohusika, na sheria yake ya msingi ni ya mwaka 1964. Hapa mtafsiri aangalie jambo ambalo huwaponyoka wengi: Tanzania Bara mambo ya kale yamewekwa pamoja na maliasili na utalii, wala si pamoja na utamaduni na michezo. Zanzibar nako, katika muundo wa serikali wa mwaka 2020, mambo ya kale yaliunganishwa na utalii. Basi "Waziri wa Michezo, Utamaduni na Urithi" wa nchi nyingine, akija kwetu, hana mwenzake mmoja. Ana wenzake wawili au zaidi, na mratibu wa ziara asiyejua hivyo atamwalika mmoja na kumsahau mwingine.

Kilimanjaro kuna mfano mwingine wa namna jina linavyoamua mlango. Mifongo, yaani ile mifereji iliyochimbwa na koo tangu zamani kuteremsha maji ya mlima hadi vihambani, tukiiita "urithi wa utamaduni" itakuwa jambo la watu wa utamaduni na mambo ya kale. Tukiiita "miundombinu ya umwagiliaji" itakuwa jambo la watu wa kilimo. Tukiiita "vyanzo vya maji" itakuwa ya bodi ya bonde. Mfongo ni uleule, na maji ni yaleyale.

JE, FUVU NI MALI?

Tumeliacha mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, utawala wa Wajerumani ulimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Wachagga na Wameru. Wazee wa Old Moshi wamesimulia kizazi hata kizazi kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Katika makusanyo yaliyoko Berlin yalikutwa mafuvu zaidi ya elfu moja kutoka Afrika Mashariki. Mwezi wa Septemba 2023 taasisi inayoyatunza ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vilihusisha mafuvu matatu na jamaa walio hai Kilimanjaro. La Mangi Meli halikutambuliwa katika uchunguzi huo.

Shauri la namna hii linapita katika barua, na barua hizo zinahitaji istilahi. Swali la kwanza: barua iandikwe kwa nani? Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16, na mambo ya utamaduni kwa sehemu kubwa ni ya majimbo. Wako mawaziri wa majimbo wenye dhamana hiyo, na tangu mwaka 1998 yuko pia kiongozi wa utamaduni katika serikali ya shirikisho, ambaye hufanya kazi chini ya kansela. Taasisi ya Berlin tuliyoitaja, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1957, hugharimiwa na shirikisho pamoja na majimbo yote. Makumbusho mengine ni ya jimbo, au ya jimbo na mji kwa pamoja. Kwa hiyo anayeandika kwa "Waziri wa Utamaduni wa Ujerumani", bila kusema wa jimbo gani au wa shirikisho, ameandika kwa mtu asiyeonekana. Hapa "waziri wa jimbo" si suala la adabu ya vyeo. Ni suala la barua kufika au kutofika.

Swali la pili ni gumu zaidi. Kinachodaiwa kiitweje? Tukikiita "malikale", tumekiita mali. Lakini fuvu la babu wa mtu ni mali ya nani? Neno tulilojivunia kuliunda, ambalo linafaa kabisa kwa magofu, milango ya nakshi na zana za mawe, hapa linageuka kuwa hoja ya yule tunayemdai. Kwa maana mali huweza kununuliwa, kuhifadhiwa na kuandikwa katika daftari la makumbusho. Neno "mabaki" nalo, ingawa limeenea, lina harufu ya kilichosalia sahanini. Tunaona "masalia" ni bora, kwa kuwa limekwisha kutumika kwa heshima katika dini kwa miili ya watakatifu, na linakubali kufuatwa na jina la watu: "masalia ya wazee wetu", "masalia ya binadamu".

Kwa mantiki hiyohiyo, tendo lenyewe liitwe "kurejesha", wala si "kukabidhi mali", na si "kuzawadia". Anayerejesha hukiri kwamba alichukua.

MAPENDEKEZO

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, tunapendekeza matumizi yafuatayo, yajadiliwe na wasomaji kabla ya kusanifishwa:

1. Mkoa: sehemu ya utawala wa serikali kuu isiyo na baraza la kutunga sheria. Jimbo: sehemu ya nchi yenye serikali na baraza lake la kutunga sheria. Kaunti: itumike kwa Kenya na kwa nchi nyingine zenye muundo wa jina hilo.

2. Waziri wa Jimbo, Waziri wa Kaunti: katika habari na mawasiliano ya kawaida. Jina la jimbo au kaunti litajwe daima.

3. Mjumbe wa Baraza la Utendaji la Jimbo, Mjumbe wa Kamati ya Utendaji ya Kaunti: katika sheria, mikataba na hati za mahakama.

4. Mwenye dhamana ya: litumike badala ya "anayesimamia" panapotajwa urithi, ili kuepuka kuchanganywa na msimamizi wa mirathi.

5. Urithi wa utamaduni: istilahi mama. Chini yake ziwepo "malikale" kwa vitu na mahali, "urithi usioshikika" kwa maarifa, nyimbo na desturi, na "masalia ya binadamu" kwa miili na mifupa, ambayo isihesabiwe kuwa malikale.

6. Mirathi: ibaki kwa sheria ya warithi peke yake.

7. Afisa Utamaduni, Afisa Michezo: vibaki kuwa vyeo vya watumishi wa umma, visitumike kutafsiri cheo cha kiongozi wa siasa.

HITIMISHO

Haiyumkini kila mtu akayapokea mapendekezo haya yote kwa mara moja. Walimu watatuambia iwapo "masalia" yanaeleweka darasani. Watumishi walioko mipakani watatuambia iwapo "jimbo" bado linawachanganya na uchaguzi. Wenzetu wa Kongo na Kenya wana haki sawa na yetu katika lugha hii, na huenda wanayo maneno ambayo hatujayasikia. Tunawaomba wote watuandikie.

Tulilo na hakika nalo ni kwamba vyeo si mapambo. Kila jina la cheo ni kibao kilichopigiliwa juu ya mlango, na mwananchi husoma kibao kabla ya kubisha hodi. Mama aliyetembea hadi Mkuu na bahasha yake alisoma kibao tulichokiandika sisi. Iwapo mwaliko ule ungeandikwa "Waziri wa Kaunti mwenye dhamana ya michezo, utamaduni na urithi wa utamaduni", pengine asingekuja siku ile. Angekwenda mahakamani moja kwa moja, ambako shauri lake lilistahili kusikilizwa, na angekuwa ameokoa siku nzima ya kazi.